Sura ya Sita: Boksi la Mlango na Idhini Yake

Gari lililoundwa Wolfsburg, Ujerumani, likauzwa likiwa jipya huko Japani, ambako kwa miaka mingi Volkswagen ndiyo iliyoongoza magari yote ya kigeni kwa mauzo, likatumika miaka kumi au zaidi, likapakiwa melini, likateremshwa bandarini Dar es Salaam, na hatimaye likakata kilomita zipatazo 950 za lami kwa njia ya Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe hadi kufika Songea, huwa limekwisha kubadili mwenyewe, namba, matairi na mafuta mara nyingi. Ilhali ndani ya mlango wake, nyuma ya kava ambalo dereva huegemeza kiwiko pasi na kulifikiria, limo boksi dogo la elektroniki ambalo bado linashika maagizo lililopewa kiwandani siku gari lilipokamilika. Boksi hilo likifa, kioo hakishuki, kitasa hakitii rimoti, wala kioo cha pembeni hakigeuki. Na mwenye gari anapojaliwa kupata jingine la namna ile ile, likafungwa kwa skrubu zile zile na kuchomekwa soketi ile ile, aghalabu hustaajabu kuona mlango umebaki bubu.

Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, mlango wa gari haukuwa na siri. Land Cruiser ya kazi, ile ambayo watu wa Ruvuma wameizoea kwa kuiona ikipeleka dawa, walimu na mapadri vijijini, ilikuwa na mkono wa kuzungushia kioo, kitasa na ufunguo wa chuma, na kioo kilipogoma fundi alivua kava, akatia grisi au akabadili meno yaliyolika, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Kisha umeme ukaingia milangoni, lakini uliingia kwa adabu: swichi ilipobonyezwa ilipeleka umeme wenyewe hadi kwenye mota, na fundi mwenye balbu ya kupimia na vipande viwili vya waya aliweza kuufuata umeme huo kutoka kwenye fyuzi hadi mwisho wa safari yake. Taabu ilianza raha zilipozidi. Vioo vinne vya kupanda na kushuka, vitasa vinne vya kufungwa kwa rimoti, vioo vya pembeni vya kukunjwa na kutiwa joto, taa za kumulikia miguu, kiti chenye kukumbuka kimo cha dereva, kila kimoja kilidai waya zake, na fungu la waya lililopita penye bawaba za mlango wa dereva likawa nene hata kukunjika kwake kila siku kukawa ni hatari.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitafutia dawa taabu hiyo mwaka 1983, na mwezi wa Februari 1986, katika mkutano wa wahandisi wa magari huko Detroit, Marekani, ikaudhihirisha utaratibu uitwao CAN, ambao kwao waya mbili tu zilizosokotwa pamoja huweza kuchukua mazungumzo ya maboksi mengi ya gari moja, kila boksi likisema kwa zamu yake na kila jambo la haraka likipewa haki ya kutangulia. Mercedes-Benz ya daraja la S iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo iliyotangulia kuupeleka utaratibu huo barabarani. Katika magari yenye utaratibu huo swichi ya mlango haipeleki tena umeme, bali hupeleka ombi. Dereva wa Golf ya kizazi cha tano, gari lililoanza kuundwa mwaka 2003, akibonyeza swichi ya kioo cha abiria, boksi la mlango wake hulisoma ombi hilo na kulitangaza katika waya mbili za rangi ya chungwa, moja yenye mstari wa kijani na ya pili yenye mstari wa kahawia, kwa mwendo wa biti 100,000 kwa sekunde. Boksi la mlango wa abiria hulisikia, hulipima kama linalihusu, na ndipo linapoizungusha mota ambayo, katika gari hili, imeshikamana nalo kuwa kitu kimoja. Yote hayo hutimia kabla kidole hakijaondoka kwenye swichi.

Sasa yafahamika kwa nini boksi lililotoka dukani haliwezi kushika kazi papo hapo. Huwa kama karani aliyehamishiwa wilayani pasipo barua ya uhamisho: ilmu anayo, lakini hajui meza yake ni ipi, wala mkuu wa ofisi hana hoja ya kumpokea. Yapasa liambiwe usukani uko upande gani. Sisi Tanzania twaendesha kushoto na usukani wetu uko kulia, na kwa hiyo boksi lililofunguliwa katika gari lililogongwa Sharjah, ambako usukani uko kushoto, laweza kufanana na letu kwa umbo, kwa soketi na hata kwa rangi ya plastiki, na bado likashikilia kwamba mlango wa kulia ni wa abiria. Yapasa liambiwe pia kama gari lina milango miwili au minne, kama kioo kimeruhusiwa kupanda kwa mguso mmoja, kama kioo cha pembeni hukunjwa au hutiwa joto, na kama milango ijifunge yenyewe gari likishika mwendo. Habari zote hizi hukusanywa katika tarakimu chache, na kuziandika tarakimu hizo ndani ya boksi ndiko mafundi wetu wanakokuita kuprogramu, ijapokuwa magari mengine hudai makubwa zaidi ya hayo. Boksi jipya la Volvo hutoka kiwandani likiwa tupu kabisa, na programu yake huletwa kutoka katika seva ya kampuni kwa kutaja namba ya chasisi ya gari lile lile, yenye herufi na tarakimu 17. Na Mercedes-Benz, kwa maboksi mengi, huwa na desturi ya namna hiyo hiyo.

Lakini kabla ya kuingia katika kuprogramu, insafu yanidai niseme jambo ambalo kwa rai yangu ndilo kubwa kupita yote ya sura hii: boksi la mlango mara nyingi huhukumiwa bila hatia. Mashine ya kupimia gari hujua kusema nani hajibu, lakini haijui kwa nini hajibu, na baina ya kauli hizo mbili kuna masafa ambayo mwenye gari huyalipia kwa fedha yake.

Mvua za Songea huanza aghalabu Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo ndipo milango inapoanza kuumwa. Kila mlango wa gari hunywa maji: yale yateremkayo juu ya kioo hupenya penye mpira wa ukingo, huingia tumboni mwa mlango, na kutokea katika matundu ya chini. Vumbi jekundu la kiangazi likiyaziba matundu hayo, maji hukaa. Na ile ngozi ya plastiki iliyogandishwa baina ya chuma cha mlango na kava, ambayo fundi mwenye pupa huichana asiirudishe, ndiyo pekee iliyokuwa ikiyazuia yasifike penye soketi. Pini za shaba zikiota ukungu wa kijani, boksi zima laweza kuonekana limekufa, kumbe limenyimwa tu umeme. Aidha, kati ya nguzo ya gari na mlango kuna mkono wa mpira uliojikunja mithili ya bomba, na ndani yake hupita waya zote za mlango. Kila mlango ufunguliwapo waya hizo hukunjwa, kila ufungwapo hunyooshwa, na baada ya miaka kumi na mitano ya kupanda na kushuka, shaba hukatika ndani ya ngozi iliyo nzima, jicho lisiambue kitu.

Nilipata kushuhudia jambo hilo katika gereji moja ya uani pande za Mfaranyaki, mjini Songea. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja na Golf ambayo kioo cha abiria kilikuwa kimegoma tangu mvua za kwanza, na mkononi alikuwa na boksi alilonunuliwa na mwanawe Kariakoo, likaletwa kwa basi, kwa sababu gereji aliyoanzia ilisoma katika mashine kwamba mlango wa abiria haujibu, ikamwambia atafute jingine. Boksi hilo lilikuwa limekwisha kujaribiwa na mlango haukubadilika. Fundi, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alimwamkia, akampa kiti kivulini, kisha hakuigusa mashine. Alilirudisha mahali pake boksi la zamani, akawasha ufunguo, akaishika swichi ya kioo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaufungua mlango polepole, kidogo kidogo, kama shubiri moja kwa dakika. Mlango ulipofika nusu ya njia, kioo kikashtuka, kikashuka inchi mbili, kikasimama.

“Mama,” akasema, “boksi lako ni zima. Hata hili la Kariakoo huenda ni zima.”

Akauchomoa ule mkono wa mpira penye nguzo, akauvuta nyuma, akaanza kuvuta waya moja moja kwa ncha za vidole. Waya nzima haivutiki. Waya iliyokatika shaba hunyumbuka kwa sababu kilichobaki ni ngozi peke yake, na hivyo ndivyo ilivyonyumbuka waya nene ya kahawia, ile irudishayo umeme katika bodi, ambayo mafundi huiita ethi. Angepima waya za chungwa angetafuta bure, kwani utaratibu wa mazungumzo ya milango katika gari hili umeundwa kwa hadhari kubwa hata waya moja kati ya mbili ikikatika, mazungumzo huendelea kwa iliyobaki. Lakini boksi likikosa ethi halina uhai wa kuzungumzia. Alikata sehemu iliyochoka, akaunga kipande kipya kirefu kidogo kuliko cha kwanza ili kikunjike bila kuvutwa, akakichoma kwa risasi wala hakukisokota kwa mkono, akakifunika, akaurudisha mpira. Kioo kilipanda. Mama aliuliza afanye nini na boksi la pili, na jibu halikuwa jepesi, kwa kuwa maduka mengi ya spea huandika ukutani kwamba kifaa cha umeme kikiuzwa hakirudishwi.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu uchunguzi ule ulichukua muda mfupi kuliko ambao ungetumika kuprogramu, na haukuhitaji kifaa chochote ambacho fundi wa Namtumbo au Mbinga hana.

Hata hivyo yako maboksi yanayokufa kwa yakini, na hapo kuprogramu hakuepukiki. Fundi mwenye ihtimamu huanza kwa lile la zamani: maadamu bado lina pumzi ya kujibu mashine, huzisoma tarakimu zake na kuziandika kabla hajaligusa kwa bisibisi, kwa sababu hayo ndiyo maagizo sahihi ya gari lile, na hakuna kitabu kitakachomjulisha kwa hakika kuliko gari lenyewe. Katika Volkswagen huingia, kwa mashine, katika anwani namba 42 kwa mlango wa dereva na 52 kwa mlango wa abiria, na ikiwa mmoja umenyamaza kabisa, maagizo ya wa pili humpa dalili nyingi. Kisha hutazama betri. Betri iliyotulia na kujaa huwa na volti 12.6 hivi, lakini ufunguo ukiwashwa pasipo injini, taa, feni na maboksi yote huinywa kwa pamoja, na kuandika tarakimu chache ni kazi ya nukta, lakini kumimina programu nzima huchukua dakika nyingi, na volti zikianguka katikati ya kazi boksi hubaki na nusu ya programu, hali ambayo ni mbaya kuliko utupu, kwani boksi tupu laweza kufundishwa, na lenye nusu huenda lisifundishike tena.

Songea inaujua vizuri ubaya wa umeme usio thabiti. Kwa miaka mingi mji uliangazwa na majenereta ya dizeli, hadi njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipouunganisha na gridi ya taifa mwaka 2018, na tangu hapo chaja ya betri imekuwa msaidizi wa kutegemewa katika gereji. Pamoja na hayo mafundi makini hawaiachii chaja dhima yote: huunganisha betri ya pili sambamba na ya gari, ili umeme wa ukutani ukikatika ghafla boksi lisipate habari. Sioni kuwa hadhari hiyo imezidi. Boksi moja lililoharibika katikati ya kuprogramu laweza kugharimu zaidi ya betri mbili.

Likiisha kuandikwa, boksi bado halijui kioo kinaishia wapi. Ndani ya mota kuna kihisi cha sumaku kinachohesabu mizunguko, na ni lazima kioo kishushwe hadi chini na kupandishwa hadi juu, swichi ikishikwa kidogo mwishoni, ili boksi lijifunze mipaka yake. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka, kwa sababu mlango huonekana umepona bila ya hiyo. Nami sijui taksiri iliyo mbaya kuliko hii katika kazi nzima. Kioo kipandacho chenyewe kwa mguso mmoja chaweza kukuta vidole vya mtoto au shingo yake, na ndiyo sababu agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 2000 liliweka sharti kwamba kioo cha namna hiyo kisikandamize kwa nguvu ya kuzidi newtoni 100, takriban uzito wa kilo kumi, kabla ya kurudi chini. Boksi hulitimiza sharti hilo kwa kuhesabu: mota ikipungua kasi mahali ambapo kioo hakijafika mwisho, boksi hujua kuna kitu, nalo hugeuza mwendo. Lisipofundishwa mwisho uko wapi, halina njia ya kutofautisha mpira wa ukingo na mkono wa mtoto. Fundi aijaribu kazi yake kwa gazeti lililoviringwa, alishikilie juu ya kioo kinachopanda, na asimkabidhi mtu ufunguo mpaka aone kioo kimeliheshimu gazeti hilo na kurudi.

Kwa Toyota, ambazo ndizo nyingi mjini Songea, mambo ni mepesi zaidi. Swichi kuu ya mlango wa dereva katika IST au Premio yaweza kubadilishwa pasipo kuomba idhini ya seva yoyote, na zile zenye ulinzi wa vidole hufundishwa kwa kupandisha kioo mpaka mwisho na kuishikilia swichi kwa muda mfupi. Taa ndogo ya swichi ikiwa inamemeteka, dalili ni kwamba somo halijaingia. Taabu yake iko kwingine. Magari ya Kijapani yaliyoundwa kwa soko la Japani hayana ile namba ya herufi na tarakimu 17. Yana namba fupi ya chasisi, ikianza mathalani na NCP60 kwa IST, na mashine nyingi zilizotengenezewa Ulaya au Marekani huuliza zile 17 kwanza na kukataa kuendelea. Fundi asiyelijua hilo huilaumu mashine, au huliona gari kuwa la wizi, ilhali dawa ni kuiacha njia ya namba na kumchagua mwundaji, aina na mwaka kwa mkono.

Limebaki swali la idhini yenyewe, nalo ni swali la haki. Huko Ulaya kanuni namba 715 ya mwaka 2007 iliwalazimu waundaji kuwafungulia mafundi wa nje habari za kutengenezea magari, kwa malipo ya saa moja, ya siku, ya mwezi au ya mwaka, ili fundi mdogo asinyimwe kazi kwa kuwa si wakala. Na wananchi wa jimbo la Massachusetts huko Marekani waliipitisha kwa kura sheria ya namna hiyo mwaka 2012. Haki hizo ziliandikwa kwa ajili ya mafundi wa huko. Gari lile lile likivuka bahari na kuwa mali ya mtu wa Songea, boksi lake huendelea kudai idhini kwa mwundaji wake, na fundi aliye Lizaboni au Bombambili mara nyingi hutumia mashine ya kuigiza iliyonunuliwa kwa bei ndogo, yenye programu ya miaka iliyopita, kwa kuwa njia iliyo halali humtaka kadi ya benki ya kigeni, usajili wa kampuni na lugha asiyoisoma kwa raha. Sikubali kwamba huyo ni mwizi. Mwenye gari amelipa bei, ushuru na usafiri. Mlango ni wake, na maagizo yaliyomo katika boksi la mlango ni sehemu ya alichonunua, hivyo yastahili apewe kwa maandishi siku anapokabidhiwa gari, kama anavyopewa ufunguo wa pili.

Kwa upande wetu twaweza kuanza bila kungoja waundaji. Mkoa wa Ruvuma una chuo cha VETA mjini Songea, na una karakana za Peramiho, ambako Wabenedikto waliofika mwaka 1898 wamefundisha ufundi wa mikono kwa vizazi kadhaa. Somo la boksi la mlango halihitaji gari zima. Milango miwili ya Golf iliyogongwa, boksi kuu linaloiunganisha na mashine, betri, chaja na kompyuta moja vyatosha kuwekwa juu ya meza. Mwanafunzi aambiwe akate waya moja ya chungwa na kuona kwamba mazungumzo yanaendelea, kisha akate ethi na kuona mashine ikitangaza kwamba mlango haujibu, na baada ya hapo aunge waya zote mbili kwa risasi, abadilishe boksi, aandike maagizo, akifundishe kioo mwisho wake, na amalize kwa gazeti.